Kuchagua Ski na Mtindo wa Kuteleza kwa Anayeanza: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika duka la vifaa vya theluji hukutana na ukuta mzima wa ski, ndefu na fupi, nyembamba na pana, zenye rangi za kuvutia na bei zinazopishana mno, na kwa kawaida huanza kwa kushika ile iliyompendeza macho. Huko ni kuanzia mwisho. Ski huchaguliwa baada ya kuamua mtindo wa kuteleza, na kwa upande wa ski za mteremko huchaguliwa baada ya buti pia, kwa sababu mtu aliyevaa buti baya hawezi kufaidi ski yoyote, iwe ya bei gani. Mwongozo huu unamlenga mtu mzima ambaye hajawahi kusimama juu ya ski: mwanafunzi au mfanyakazi aliyehamia nchi ya baridi, familia iliyopelekwa Norway au Kanada, au msafiri aliye na siku chache tu za kujaribu.

Hatua ya kwanza: Amua mtindo

Kuna jamii kuu mbili za ski, na tofauti yake inaanzia kisiginoni. Katika ski za mteremko, mguu mzima hufungwa imara, kisigino na vidole, ndani ya buti gumu la plastiki. Lifti hukupandisha mlimani, nawe kazi yako ni kushuka huku ukigeuka na kudhibiti mwendo. Katika ski za nyika, kiatu hushikwa kwenye vidole pekee na kisigino huinuka kama mtu anayetembea. Ski ni nyembamba na nyepesi, hakuna lifti, na unajisukuma mwenyewe kwa miguu na fimbo juu ya ardhi tambarare na vilima vidogo. Mitindo mingine ipo. Telemark, iliyopewa jina la mkoa wa Norway alikotoka Sondre Norheim katika karne ya 19, huunganisha kisigino huru na kushuka mlima. Ski za kupanda mlima kwa miguu yako mwenyewe nazo hudai ujuzi wa kusoma hatari ya maporomoko ya theluji. Yote miwili si ya kuanzia. Ubao mmoja wa theluji, ambao mtu husimama juu yake kwa ubavu, ni mchezo wenye mafunzo yake ya pekee na hautazungumzwa hapa.

Kati ya mteremko na nyika, kinachopaswa kuamua ni mahali unapoishi na mfuko wako. Mkazi wa Oslo hupanda treni ya mjini hadi Frognerseteren na kushuka mlangoni pa msitu wenye njia zilizochongwa mifereji miwili kwa ajili ya ski za nyika, nyingine zikiwa na taa za usiku, bila kulipa kiingilio. Mkazi wa Minneapolis anazo njia za namna hiyo ndani ya mji, katika bustani ya Theodore Wirth, ingawa huko hutakiwa kibali cha kulipia. Aliye Innsbruck au Calgary ana milima karibu, kwa hiyo ski za mteremko zina maana kwake, mradi akumbuke kwamba tiketi ya lifti hulipiwa kila siku na kwa kawaida ndiyo inayokula fedha nyingi kuliko vifaa vyenyewe. Ndugu zetu walio katika Ghuba hawana haja ya kuchagua: Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates, ni ya mteremko. Na kwa aliye kusini mwa Afrika, Afriski iliyo katika milima ya Maluti nchini Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hufanya kazi kuanzia Juni hadi Agosti, nayo pia ni ya mteremko.

Ushauri wangu ni kwamba anayekusudia kuishi na msimu wa baridi mwaka baada ya mwaka, hasa mwenye watoto, aanze na ski za nyika. Gharama yake ni ndogo, mwendo ni wa polepole, kuanguka hakuumizi sana, na mwili hupata mazoezi katika miezi ambayo wengi wetu hujifungia ndani. Mwenye wiki moja tu katika Alps aende moja kwa moja kwenye mteremko pamoja na mwalimu, kwa sababu hicho ndicho kinachopatikana kwa wingi huko na ndicho alichokifuata.

Mtu mwenye mapafu ya mkimbiaji asidhani kwamba nyika itakuwa rahisi kwake. Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za kati kutoka Kenya, alifanya mazoezi nchini Finland kisha akashiriki mbio za kilomita 10 za ski za nyika katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimsubiri mwishoni mwa mbio ili ampongeze. Nguvu alikuwa nazo. Iliyokosekana ni miaka ya kujifunza kuhamisha uzito kutoka ski moja hadi nyingine.

Hatua ya pili: Azima au kodi, usinunue

Hakuna sababu ya kununua ski kabla ya kujua kama mchezo unakufaa. Nchini Sweden, Fritidsbanken huazimisha vifaa vya michezo bure kwa siku 14, zikiwemo ski na viatu vyake. Nchini Norway, vituo vya BUA hufanya vivyo hivyo. Wahamiaji wengi hukaa miaka kadhaa bila kujua kwamba huduma hizo zipo na kwamba hawaulizwi kipato chao. Katika miji ya milimani hukodishwa kila kitu kwa siku au kwa wiki, na bei ya wiki huwa nafuu ikilinganishwa na kukodi siku moja moja.

Mwenye duka atakuuliza urefu, uzito, umri, namba ya kiatu na kiwango chako. Jibu kweli tupu. Anayepunguza uzito wake kwa aibu, au anayejiita mzoefu kwa sababu aliwahi kujaribu mara moja, atapewa vifungio (vile vinavyoshika buti kwenye ski) vilivyokazwa vibaya na ski isiyo yake, na atakayelipia uongo huo ni goti.

Hatua ya tatu: Buti la mteremko

Hapa ndipo pa kutumia muda mrefu kuliko popote. Kila amri ya mwili hupita kwenye buti ndipo ifike kwenye ski. Buti likilegea, mguu huzunguka ndani yake kwanza, ski huchelewa kuitika, na anayejifunza hudhani kwamba yeye ndiye mzito wa kuelewa. Ukubwa hupimwa kwa mfumo uitwao Mondopoint, ambao ni urefu wa unyayo kwa sentimita. Simama ukiwa umegusisha kisigino ukutani, weka uzito wote juu ya mguu huo, kisha weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Ukipata sentimita 26.5, basi 26.5 ndiyo namba yako ya kuanzia. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa mara nyingi haifanani. Usitegemee namba ya kiatu cha kawaida, kwani wengi wetu huvaa viatu vilivyotuzidi kidogo.

Kisha lijaribu ganda. Mwombe fundi atoe bitana laini la ndani, ingiza mguu ndani ya ganda tupu la plastiki hadi vidole viguse mbele kidogo, na upime nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Kwa anayeanza, sentimita moja na nusu hadi mbili inatosha. Ikizidi mbili na nusu, buti ni kubwa hata kama unajihisi vizuri ndani yake. Rudisha bitana, vaa, piga kisigino sakafuni ili kikae nyuma kabisa, funga bizimu za juu ya kifundo kwanza, kunja magoti mbele, kisha funga za chini kwa wepesi. Ukisimama wima, vidole viguse mbele ya buti; ukikunja magoti, vidole viachie, na kisigino kisiinuke hata kidogo. Hali hiyo humshangaza aliyezoea viatu vya kawaida, naye huomba namba kubwa zaidi papo hapo. Akatae kishawishi hicho. Mbano wa kuzunguka mguu mzima ni sawa. Maumivu makali ya sehemu moja au ganzi ya vidole si sawa, na dawa yake ni umbo lingine la buti kabla ya namba nyingine.

Umbo hilo hutajwa kwa milimita za upana wa sehemu ya mbele ya unyayo: 98 ni jembamba, 100 ni la kati, 102 hadi 104 ni pana. Aliyekulia katika ndala na kutembea peku mara nyingi ana unyayo uliotanuka mbele, kwa hiyo aombe lililo pana tangu mwanzo badala ya kuteseka ndani ya jembamba au kukimbilia refu mno. Namba nyingine utakayoiona ni ya ugumu, iitwayo fleksi. Kwa wanawake wanaoanza, kati ya 60 na 80 hufaa; kwa wanaume, kati ya 70 na 90, na mtu mzito asogee juu zaidi kuliko mwepesi. Watengenezaji hawapimi ugumu kwa kipimo kimoja, hivyo 80 ya kampuni moja inaweza kuwa laini kuliko 80 ya nyingine. Jaribio la kweli ni kukunja goti na kuona muundi ukisukuma ulimi wa buti mbele kwa upole bila buti kugoma wala kuporomoka.

Vaa soksi moja nyembamba na ndefu inayofika chini ya goti. Soksi mbili huleta mikunjo, mikunjo huleta malengelenge, na zaidi ya hapo hubana damu na kuleta baridi ambayo soksi ya pili ilikusudiwa kuizuia. Suruali ya ndani ikomee juu ya buti, isiingie. Kaa na mabuti miguuni dukani kwa robo saa au zaidi kabla ya kukubali. Usiku yaweke mahali pa joto, kwa kuwa plastiki iliyolala ndani ya gari asubuhi huwa ngumu mithili ya jiwe na haivaliki.

Hatua ya nne: Ski za mteremko

Ukishapata buti, ski yenyewe si fumbo. Isimamishe wima mbele yako: kwa anayeanza, ncha ifike kati ya kidevu na pua. Mtu wa sentimita 170 mwenye kilo 70 hivi atakuwa sawa na ski ya sentimita 150 hadi 160. Mwepesi kuliko hapo ashuke kidogo, mzito apande kidogo. Uzito una maana kuliko urefu, kwa sababu ski inahisi kilo zilizo juu yake na haijui kimo cha aliyezipanda. Ski fupi hugeuka kirahisi na husamehe makosa, lakini ikiwa fupi kupita kiasi hutetemeka mara tu mwendo unapoongezeka.

Juu ya ski nyingi huandikwa namba tatu, kwa mfano 121–74–103, ambazo ni upana kwa milimita wa ncha ya mbele, kiuno na mkia. Inayokuhusu ni ya katikati. Kiuno cha kati ya milimita 68 na 80 kinafaa kwa miteremko iliyosawazishwa na mashine, mahali pekee ambapo anayeanza ana shughuli. Ski yenye kiuno cha milimita 100 imetengenezwa kwa ajili ya theluji laini ya kina kirefu, na kwenye theluji ngumu inachelewa kulalia ukingo wake wa chuma. Karibu na namba hizo kuna herufi R ikifuatwa na namba ya mita, ambayo ni nusu kipenyo cha mzunguko ambao ski huukata yenyewe ikilazwa ubavu. Mita 11 hadi 15 ni nzuri kwa kujifunzia. Ukiitazama ski kwa ubavu ikiwa mezani, utaona katikati imeinuka kama upinde. Nyingi za wanaoanza zina pia ncha ya mbele inayoanza kuinuka mapema, jambo linalozuia ukingo usinase theluji mwanzoni mwa kona. Chagua hiyo ukipewa nafasi.

Ziache ski zote zilizoandikwa kuwa ni za mbio, miruko au milima ya mwitu. Ski ya kasi mikononi mwa anayeanza inachosha, kwani ni ngumu na haipindi mpaka isukumwe kwa nguvu na mwendo ambao bado hana.

Hatua ya tano: Vifungio, ambavyo hurekebishwa na fundi pekee

Kazi ya kifungio ni mbili zinazopingana: kushika buti wakati wa kuteleza, na kuliachia mtu anapoanguka kabla mfupa au kano haijakatika. Kiwango cha kuachia huitwa namba ya DIN, nacho hupatikana kwa kulinganisha uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na aina ya mtelezaji kuanzia ya kwanza, ambaye ni mwangalifu na wa polepole, hadi ya tatu, ambaye ni wa kasi na nguvu. Anayeanza ni wa aina ya kwanza bila mjadala. Kwa kawaida aliyefika miaka 50 hupewa kiwango cha chini zaidi kuliko kijana wa uzito uleule.

Skrubu za kuvikaza ziko wazi na bisibisi ya kawaida inaingia, lakini usiziguse, wala usimruhusu rafiki azikaze kwa sababu ski yako imefunguka mara mbili asubuhi. Rudi dukani upimwe upya. Hakikisha pia kwamba soli ya buti inalingana na kifungio, kwa maana siku hizi kuna soli bapa za zamani, soli za GripWalk zilizopindwa kwa ajili ya kutembea, na soli za ski za kupanda mlima, na si kila kifungio hupokea kila soli.

Hatua ya sita: Kwa aliyechagua nyika

Hapa mambo yanageuka: ski ndiyo yenye uzito wa uamuzi, na kiatu, ambacho hufanana na kiatu cha michezo chenye soli inayokunjika, huchaguliwa kwa starehe ya kawaida, vidole vikiwa na nafasi. Ulizia tu kama kiatu na kifungio ni vya mfumo mmoja. Mfumo wa NNN ndio ulioenea, na vifaa vya kale vya SNS bado hukutwa katika masoko ya mitumba, navyo haviingiliani.

Ski ya nyika ina upinde mkubwa katikati, na upinde huo ndio siri ya mwendo wake. Uzito ukiwa juu ya ski zote mbili, sehemu iliyo chini ya mguu haigusi theluji, hivyo ski huteleza; uzito wote ukihamia kwenye ski moja, upinde hubonyea, sehemu hiyo hung'ata theluji, nawe unapata pa kujisukumia. Ikiwa upinde ni mgumu kuliko uzito wako, utateleza kurudi nyuma kila unapopanda kilima. Ukiwa laini mno, ski itaburuza muda wote. Kwa hiyo fanya jaribio la karatasi: simama juu ya ski zote mbili kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, na mtu apitishe karatasi chini ya mguu wako. Inapaswa kupita kwa urahisi. Hamishia uzito wote kwenye ski moja, na karatasi iliyo chini ya ski hiyo inapaswa kunaswa. Kwa mtindo wa kawaida wa mifereji, urefu wa ski huwa sentimita 10 hadi 20 juu ya kimo chako, lakini jedwali la uzito la mtengenezaji litangulie kimo.

Mng'ato wa katikati hupatikana kwa njia tatu. Nta hupakwa kulingana na halijoto ya siku, nayo ni elimu ya miaka. Magamba yaliyochongwa chini ya ski hayahitaji matayarisho, ingawa hupiga kelele na kupunguza mwendo kidogo. Ukanda wa manyoya uliobandikwa katikati huteleza vizuri mbele na kukataa kurudi nyuma, na katika hali nyingi ndio ningemwelekeza anayeanza. Mwachie mwenyeji nta yake.

Mtindo wa pili wa nyika, ule wa kusukuma kwa ubavu kama mtelezaji wa barafu, una ski fupi zaidi, viatu vinavyoshika kifundo na njia pana isiyo na mifereji. Ni wa kasi na wa kuchosha. Uufikie baada ya kuumudu ule wa kawaida.

Hatua ya saba: Fimbo

Kwa mteremko, igeuze fimbo juu chini, ishike chini kidogo ya kisahani chake cha karibu na ncha huku kishikio kikigusa sakafu. Kiwiko kikiwa na pembe mraba, urefu ni sahihi. Kwa hesabu, zidisha kimo kwa 0.7, hivyo mtu wa sentimita 170 atapata fimbo ya 120 hivi. Nyika ya kawaida hutumia kimo mara 0.83, ambayo kwa mtu huyo ni sentimita 140, na ile ya kusukuma kwa ubavu hufika karibu 150. Kwenye mteremko, walimu wengi hawatoi fimbo siku ya kwanza, nao wana haki.

Hatua ya nane: Mavazi na kichwa

Ndani vaa sufu nyembamba au kitambaa cha polista kinachokauka haraka. Pamba ikilowa jasho hubaki na maji na kumgandisha mvaaji kwenye lifti. Katikati weka kitu cha joto, na juu koti na suruali visivyopitisha maji. Wa nyika avae kidogo kuliko anavyodhani, kwa kuwa baada ya dakika kumi atakuwa anatoka jasho.

Helmeti ni ya lazima kwa mteremko, hata pale ambapo sheria haisemi. Iliyotengenezwa kwa kiwango cha EN 1077 au ASTM F2040 ndiyo ya theluji. Ya baiskeli haitoshi. Mwenye rasta au misuko minene aijaribu helmeti akiwa na mtindo uleule wa nywele atakaokwenda nao, na asuke mistari iliyolala chini kuelekea kisogoni, kwa sababu fundo la nywele utosini huinua helmeti na kuacha paji la uso wazi. Kwa mwenye hijabu, kitambaa chembamba cha michezo cha tabaka moja, kisicho na pini wala fundo nyuma, hukaa vizuri chini ya helmeti.

Miwani ya theluji huwekwa madaraja ya giza: S1 kwa siku ya mawingu, S2 kwa hali ya kati, S3 kwa jua kali. Ukikodi moja tu, S2 itakufaa zaidi. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayochoma, na mionzi hiyo huongezeka kadiri unavyopanda juu, kwa hiyo ngozi nyeusi nayo ipakwe mafuta ya kukinga jua, hasa midomo, pua na chini ya kidevu.

Hatua ya tisa: Mtindo wa siku za kwanza

Hannes Schneider wa St. Anton, katika eneo la Arlberg nchini Austria, alipanga mapema katika karne ya 20 ngazi ya kufundishia ambayo shule nyingi za ski bado huifuata kwa namna moja au nyingine: plau, kisha kona inayoanzwa kwa kufungua mkia wa ski moja, kisha ski sambamba. Usiruke daraja.

Anza tambarare ukiwa na ski moja mguuni, usukume kwa mguu mwingine, kisha ubadilishe. Vaa zote mbili, panda kilima kidogo kwa hatua za ubavu, ukikanyaga kwa kingo za chuma za upande wa juu. Kisha jifunze plau: ncha za mbele zikaribiane bila kugusana, mikia ipanuke, na magoti yaelekee ndani kidogo ili kingo za ndani zikwaruze theluji. Kupanua mikia hupunguza mwendo, kuikaribisha huongeza. Ukitaka kugeuka kushoto, egemea mguu wa kulia, ukitaka kulia egemea wa kushoto, na usubiri. Ski itageuka yenyewe, na haraka ya kuzungusha mabega ndiyo inayoiharibu kona.

Hofu humfanya mtu aegemee nyuma, na kuegemea nyuma huziondolea ncha za ski uzito, hivyo zinakimbia bila kuitika. Kipimo ni muundi: ukiusikia unabana ulimi wa buti, uko mahali pake. Mikono ionekane mbele yako wakati wote. Ukiona huwezi kusimama, kaa ubavu upande wa mlimani kabla mwendo haujazidi, wala usijaribu kuinuka wakati bado unateleza, kwani goti hujeruhiwa sana katika hali hiyo. Usiingize mkono kwenye kamba ya fimbo mpaka ujue kuanguka, la sivyo kidole gumba ndicho kitakachonaswa.

Wa nyika aanze bila fimbo ndani ya mfereji, atembee, kisha arefushe kila hatua hadi aweze kuteleza juu ya mguu mmoja kwa muda. Kupanda kilima hufanywa kwa mtindo wa miba ya samaki, ncha zikiwa wazi na mikia imekaribiana. Kushuka, toa ski moja nje ya mfereji na uitumie kupiga nusu plau.

Hatua ya kumi: Rangi za njia na haki ya mbele

Katika Ulaya, njia za bluu ni rahisi, nyekundu ni za kati na nyeusi ni ngumu. Ufaransa na Norway huongeza kijani kwa rahisi kabisa. Amerika Kaskazini hali ni tofauti na imewaponza wageni wengi: huko rahisi ni duara la kijani, na mraba wa bluu tayari ni daraja la kati. Kabla ya lifti ya viti, tumia mkanda unaotembea wa uwanja wa mafunzo mpaka uweze kusimama mahali unapotaka, siyo mahali theluji itakapokuachia.

Shirikisho la Kimataifa la Ski na Ubao wa Theluji, FIS, lina kanuni kumi za mwenendo mlimani. Tatu uzishike tangu asubuhi ya kwanza: aliye chini yako ana haki ya njia na ni juu yako kumkwepa, ukisimama, simama pembeni panapoonekana, na kabla ya kuondoka tazama juu na chini. Usitoke nje ya njia zilizowekwa alama, hata kama unaona nyayo za wengine zimetoka.

Hatua ya kumi na moja: Wakati wa kununua

Ukishaweza kushuka njia rahisi bila kusimama na unajua utarudi msimu ujao, nunua buti kwanza na uendelee kukodi ski, kwa kuwa ujuzi wako utabadilika haraka kuliko mguu wako. Bei za vifaa hushuka mwishoni mwa msimu, Machi na Aprili. Kwa wa nyika, seti nzima ya ski, viatu na fimbo yaweza kununuliwa mapema zaidi, kwani haipitwi upesi.

Mitumba si mibaya, ila ikague mchana. Pitisha ukucha kwenye kingo za chuma kutafuta palipokatika, geuza ski uone kama upande wa chini una mkwaruzo uliofika kwenye mbao, na bonyeza mkia na ncha uone kama matabaka yameachana. Buti lenye plastiki iliyofifia rangi na kuanza kupasuka karibu na bizimu liache hata likitolewa bure. Muhimu kuliko vyote ni vifungio: watengenezaji huacha kuidhinisha modeli za kale, na fundi atakataa kuzirekebisha, kwa hiyo piga picha ya kifungio na uulize dukani kabla ya kulipa. Ukishanunua, kausha kingo kwa kitambaa kila jioni ili zisishike kutu, ondoa bitana za mabuti zikauke mbali na moto, na kabla ya kila msimu mpya peleka ski pamoja na mabuti kwa fundi ili vifungio vipimwe kwenye mashine na namba ya DIN ilinganishwe upya na uzito na umri ulio nao mwaka huo.